Uamuzi Hufanyika Juu ya Mlima: Trekta Dogo, Tela na Utelezi

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wamiliki na madereva wa matrekta madogo, huku kwetu Njombe, wiki chache kabla ya mvua. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Kamwene nyote!

Mwenyekiti wetu wa ushirika, mheshimiwa diwani, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mnaoshika usukani, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmeacha kazi shambani. Kwa hiyo sitazunguka. Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo humo.

Ajali ya trekta lenye tela tunaiona katikati ya mteremko, lakini huwa imeshaamuliwa juu. Pale juu, kabla pua ya trekta haijainama. Imeamuliwa na uzito uliopakia, na gia uliyoingiza, na pini ya kufungia tela uliyoitazama au hukuitazama, na maneno ya tajiri aliyekuambia uwahi. Ukishaanza kushuka kwenye utelezi, mambo unayoweza kuyabadilisha ni machache mno. Ukiwa juu, unaweza kubadilisha yote. Uamuzi hufanyika juu. Nitalirudia neno hili mpaka mlichoke.

Sisi tunalima milimani. Ukienda Lupembe kwenye chai, ukienda Makete kwenye viazi, ukienda kwenye misitu ya mbao, njia ya shamba ni kupanda na kushuka. Mvua zetu zikianza Novemba zinaweza kwenda mpaka Aprili, hata Mei. Na udongo wetu ni huu mwekundu wa mfinyanzi, ambao ukiwa mkavu unagonga kama lami, ukilowa unakataa kushikwa. Tangu siku za Kilimo Kwanza, ule mpango wa serikali wa kukuza kilimo, mwaka 2009, pawatila, yale matrekta ya magurudumu mawili, na matrekta madogo yameingia vijijini kwa wingi, na yametupunguzia mizigo ya kichwani. Nayapenda matrekta haya. Yanapita kwenye vijia, yanakunywa dizeli kidogo, mtu wa kawaida anaweza kuyamudu. Lakini ni mepesi. Na hapa ndipo penye mtego: injini ya trekta dogo inaweza kuvuta mzigo ambao uzito wa trekta hilo hauwezi kuuzuia. Sikilizeni tena. Injini inaweza kuuvuta. Uzito hauwezi kuuzuia. Kwa hiyo kile kilichopanda vizuri asubuhi si lazima kiweze kushuka mchana.

Kuna kijana mmoja, jina lake naliweka pembeni, alikuwa akisomba viazi vya vinyungu, yale mashamba ya mabondeni, katika njia moja wakati wa kiangazi. Magunia kumi kila tripu. Anapanda kutoka bondeni, anavuka mgongo wa mlima, anashuka upande wa pili kuelekea darajani. Kila siku hivyo, hana tatizo. Siku moja ikanyesha mvua ndogo, ile ya kulaza vumbi. Akapakia magunia kumi yale yale. Akapanda vizuri. Akavuka mgongo, akaanza kushuka. Kidogo tu akahisi kasi inazidi gia aliyoweka. Akakanyaga breki. Matairi ya nyuma yakaacha kuzunguka, lakini trekta halikuacha kwenda. Tela likaja ubavuni, likasukuma makalio ya trekta, trekta likageuka likatazama lilikotoka, kisha likalala kwenye mtaro. Kijana alivunjika mkono. Yuko hai kwa sababu fremu ya kinga, ile ya chuma inayozuia trekta lisimlalie dereva, ilikuwa imesimamishwa na mkanda ulikuwa kiunoni.

Nilipomtembelea akaniambia, "Fundi, sielewi. Mzigo ulikuwa ule ule. Njia ilikuwa ile ile."

Je, ni kweli? Mzigo ulikuwa ule ule. Njia je? Tupige hesabu, maana hesabu hii hamtaisahau.

Trekta lake pamoja na yeye mwenyewe tuseme lina kilo 1,500. Mteremko ule, ukitembea mita 10 unakuwa umeshuka mita 2. Kwenye mteremko wa namna hiyo kila kilo 1,000 zinasukuma kwenda chini kwa nguvu ya kilo 200 hivi. Kila tani moja, kilo 200. Basi trekta peke yake, bila tela, linajisukuma kwa kilo 300.

Nini kinalizuia? Mshiko wa tairi kwenye ardhi, hakuna kingine. Breki inazuia gurudumu. Ardhi ndiyo inayozuia trekta. Kwenye njia kavu, tairi zuri linaweza kushika kwa kiasi cha asilimia 60 ya uzito unaolikandamiza. Kwenye mfinyanzi uliolowa mshiko huo unaweza kushuka mpaka asilimia 30, na kuna mahali hata 30 haifiki.

Siku ya ukavu: asilimia 60 ya 1,500 ni 900. Toa 300 za trekta lenyewe, zinabaki 600. Hizo zinatosha kushikilia tela la kilo ngapi? La kilo 3,000. Kijana wetu alikuwa salama, na alikuwa na akiba.

Siku ya mvua: asilimia 30 ya 1,500 ni 450. Toa 300. Zinabaki 150. Zinashikilia tela la kilo ngapi? Kilo 750. Sasa tela lenyewe likiwa tupu lina kilo 500. Umebakiwa na kilo 250 za mzigo. Mama, pale mbele, hizo ni magunia mangapi? Mawili. Magunia mawili na nusu ukiwa na gunia halali! Yeye alikuwa na kumi.

Na hapo nimekuwa mkarimu. Nimehesabu kwamba matairi yote manne yanashika, na kwamba dereva anatambaa, hakanyagi breki kwa ghafla. Najua hii ni hesabu ya ubaoni. Matope ya kila mahali yana tabia yake, na uzito kidogo wa tela ukikalia trekta unasaidia. Lakini mmeona ukubwa wa jambo. Mvua ile ndogo ilimnyang'anya robo tatu ya uwezo wake, na hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi kumwambia.

Halafu kuna lumbesa. Ndugu zangu, hapa nitakaa kidogo.

Nikiuliza magunia kumi ni kilo ngapi, nusu ya watu humu watasema kilo 1,000. Kwa sheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini nani hapa hajawahi kuona gunia la viazi lenye kilemba juu, limeshonwa kwa kamba, limebeba na jirani yake? Gunia la hivyo lina 120, lina 130, na mengine yanazidi hapo. Tumezoea kulalamika kwamba lumbesa inamwibia mkulima, na ni kweli inamwibia. Mimi naongeza: lumbesa inamdanganya dereva. Anahesabu magunia kumi akidhani amebeba tani moja, kumbe amebeba tani moja na robo au zaidi. Mlima hauhesabu magunia. Unahesabu kilo.

Mbao nazo ni hivyo hivyo. Gogo la msindano lililokatwa jana limejaa maji; linaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya lile lililokauka. Mkaratusi mbichi ndio usiseme. Ukikadiria kwa macho, kwa kuwa vipande ni vile vile na urefu ni ule ule, umepotea. Na mchanga uliolowa, na mbolea ya samadi iliyonyeshewa, vyote hivyo vinaongezeka uzito huku ukubwa wake ukibaki ule ule.

Kwa hiyo kabla ya kushuka, swali la kwanza: nimebeba kilo ngapi? Si magunia mangapi. Kilo ngapi? Ushirika una mizani. Pimeni tela tupu mara moja, mwandike uzito wake kwa rangi ubavuni. Pimeni gunia moja katika kila mzigo mpya. Watu waangalifu hufuata kanuni kwamba tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi uzito wa trekta hata njia ikiwa nzuri; na kitabu cha trekta lako kikitaja kiwango cha chini ya hapo, kifuate kitabu. Kwenye utelezi na mteremko mkali, mmeona wenyewe, hata nusu ya uzito wa trekta inaweza kuwa ndiyo mwisho.

Kuna dawa ya kweli ya jambo hili, nayo ni tela lenye breki zake. Tela likiwa na breki linajishikilia kwa matairi yake lenyewe, halimwachii trekta kazi yote. Matela mengi ya kwetu yamechomelewa mtaani juu ya ekseli ya gari kuukuu. Ekseli hiyo ilikuja na ngoma za breki. Nani alizitoa? Kwa nini? Fundi mzuri anaweza kuzirudisha na kuzifunga kwenye mfumo wa kujisukuma: tela likisogelea trekta, fimbo ya mbele inarudi nyuma, inavuta waya, breki zinakamata zenyewe. Nawaomba wenye matela mlifikirie hili kabla ya kufikiria rangi mpya na mapazia ya matope.

Sasa twende kwenye foo wili, yaani kuyaunganisha magurudumu yote manne na injini, maana huku kuna ubishi mwingi.

Tajiri mmoja alimkataza dereva wake kuvuta foo wili. Alisema inakula matairi ya mbele. Hakukosea yote: kwenye lami na kwenye ardhi ngumu kavu, foo wili inamaliza matairi ya mbele na kuzitesa gia za mbele. Lakini alikataza kila mahali, hata mlimani, hata mvuani. Alidhani foo wili ni ya kupandia tu.

Nilimwomba anipe trekta nimwonyeshe. Tulitafuta kimteremko kifupi chenye nyasi za umande, chini yake uwanja tambarare, hakuna mtu wala mti. Trekta tupu, bila tela. Nikashuka taratibu bila foo wili, nikakanyaga breki. Matairi ya nyuma yakasimama, trekta likaendelea kuteleza mpaka uwanjani. Nikapanda tena, nikavuta foo wili, nikashuka gia ile ile, nikakanyaga breki kwa kiasi kile kile. Trekta likasimama katikati ya nyasi.

Kwa nini? Kwa sababu matrekta mengi madogo yana breki kwenye ekseli ya nyuma tu. Magurudumu ya mbele hayana breki kabisa. Na ukiwa unashuka, uzito unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi. Yaani breki ziko mahali ambapo uzito umeondoka! Ukivuta foo wili, shafti inaunganisha mbele na nyuma. Breki ya nyuma inazuia na mbele pia, na injini inazuia magurudumu yote manne. Rudini kwenye hesabu yetu. Bila foo wili, kama magurudumu ya nyuma yamebakiwa na kilo 800 wakati wa kushuka, asilimia 30 yake ni 240. Trekta peke yake linajisukuma kwa 300. Maana yake, bila foo wili, kwenye utelezi ule, trekta hilo haliwezi kujizuia lenyewe hata kama hujafunga tela! Mzigo tusiuzungumzie kabisa.

Foo wili ivutwe lini? Juu. Gari likiwa limesimama, mahali tambarare, kabla pua haijainama. Usingoje uanze kuteleza ndipo upapase kitasa.

Na gia pia huchaguliwa juu. Gia ya kushukia iwe ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo huo na mzigo huo huo, au ya chini zaidi, kwenye upande wa gia nzito. Ukishaanza kushuka, usibadilishe. Usikanyage klachi. Ukikanyaga klachi umeikata injini, na injini ndiyo breki yako ya kwanza. Vijana, nawasikia mkisema, "Naachia fri, natoa gia, naokoa dizeli." Hakuna dizeli unayookoa ya maana. Injini ya dizeli ikisukumwa na mlima, gavana, kile kifaa kinachoipimia injini mafuta, inapunguza mafuta mpaka karibu na kukata kabisa. Umeuza breki yako bure. Wachache wenye matrekta ya haidrostatiki, yale ya pedali isiyo na klachi, na ninyi msiachie pedali kwa ghafla, maana magurudumu yatakamata kama umekanyaga breki. Na kile kitasa cha kuchagua mwendo mkubwa na mdogo msikiguse mkiwa mteremkoni hata kidogo, kwa sababu kikipita katikati trekta linabaki halina kizuizi.

Kitu kingine kidogo ambacho kimegeuza watu: lachi ya pedali za breki, lile komeo la kuzifunga pamoja. Pedali ya kushoto na ya kulia zimetenganishwa ili ukate kona shambani. Ukiwa na tela barabarani, zifunge pamoja. Ukikanyaga moja peke yake kwenye utelezi, trekta linajitupa upande mmoja na tela linamalizia.

Je, ukiteleza licha ya yote? Hili ni gumu kwa sababu mguu una akili yake, nao utataka kukandamiza breki. Gurudumu lililokamata haliwezi kuelekezwa; linakuwa jiwe linaloteleza. Legeza breki, acha magurudumu yazunguke, ongeza mafuta kidogo sana ili mwendo wa magurudumu ulingane na mwendo wa trekta, na uelekeze pua moja kwa moja kwenye mteremko. Usikate kona. Usijaribu kulikimbiza trekta ubavuni mwa mlima. Likielekea chini moja kwa moja, linaweza kupata mahali pa kushika. Na usiruke! Kama fremu iko juu na mkanda umefungwa, mahali salama kuliko pote ni kwenye kiti. Sweden waliweka sheria ya fremu kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kulaliwa na trekta vilipungua mno kadiri matrekta hayo yalivyoenea. Huku kwetu naona watu wanalaza fremu ili wapite chini ya migomba na miparachichi, kisha wanaisahau. Fremu iliyolazwa haikingi chochote. Ikiwa juu, funga mkanda. Ukilazimika kuilaza, usifunge mkanda, na usiende mteremkoni mpaka umeisimamisha.

Utelezi wenyewe pia una siri zake. Mvua ya kwanza, ile ndogo, mara nyingi ni mbaya kuliko ya pili na ya tatu, kwa sababu inalowesha ngozi ya juu tu; chini kumebaki kugumu, meno ya tairi hayapati pa kuzama. Kona iliyo kwenye kivuli cha mikaratusi inabaki imelowa mpaka adhuhuri wakati sehemu nyingine zimekauka. Asubuhi zetu za ukungu zinalowesha nyasi bila tone la mvua. Kwa hiyo kabla ya kushuka, shuka wewe. Kwa miguu. Tembea mteremko mzima mpaka chini, na kisigino chako kikiteleza, hapo tela litateleza pia. Dakika kumi za kutembea, hamna dereva mwenye haraka kiasi cha kuzikosa.

Tairi kipara silizungumzii sana. Tairi kipara kwenye mfinyanzi halina mjadala, litolewe. Maji ndani ya matairi ya nyuma, kiasi cha robo tatu, yanaongeza uzito chini kabisa mahali panapofaa, na wengi mnalijua hili tayari.

Sasa kupanda. Watu wanaogopa kushuka na kudharau kupanda, lakini kupanda nako kunaua, tena kwa haraka zaidi.

Siku moja tela lilikwama kwenye matope, chini ya mlima. Trekta la pili likaja kusaidia. Droba, ule mkono wa chini nyuma ya trekta wa kufungia tela, ilikuwa imejaa udongo, pini haiingii, basi mtu akafunga mnyororo juu, pale pa kushikia fimbo ya juu ya jembe, nyuma ya kiti. Dereva akaachia klachi kwa nguvu. Mnyororo ukakaza, tela halikusogea, na kwa kuwa tela limegoma, trekta likajizungusha lenyewe juu ya ekseli yake ya nyuma. Pua ikainuka. Waliokuwepo waliniambia hawakupata hata muda wa kupiga kelele. Na ni kweli, trekta likianza kuinuka hivyo hufika mahali pasiporudika kwa chini ya sekunde moja. Hakuna mguu unaowahi klachi hapo. Tulimzika dereva yule, na nilimfahamu.

Kwa hiyo nasema kwa sauti: tela na mnyororo vifungwe kwenye droba, chini, chini ya usawa wa ekseli. Kila mara. Droba ikiwa na udongo, chukua sululu uisafishe. Pini iwe nene, ya chuma cha kazi hiyo, yenye klipu chini, na mnyororo wa akiba upite kati ya trekta na tela ili pini ikikatika tela lisiondoke. Nondo iliyokatwa mtaani si pini. Na mzigo upangwe ili uzito uegemee mbele kidogo ya ekseli ya tela, ukalie droba kidogo. Ukiuweka nyuma, tela linainua makalio ya trekta, na magurudumu ya nyuma yanakosa uzito hapo hapo unapouhitaji.

Ukikwama katikati ya kupanda, usiendelee kuchimba. Kanyaga breki, shikilia, utingo aweke mawe au magogo nyuma ya magurudumu ya tela, naye aje kwa ubavuni, asisimame nyuma ya tela hata kwa sekunde. Halafu pakueni. Usijaribu kurudi kinyumenyume na mzigo kwenye utelezi, tela litajikunja.

Na watu juu ya tela. Najua jioni wavunaji wamechoka, nyumbani ni mbali, tela linakwenda huko huko. Najua mama anakaa juu ya magunia na mtoto mgongoni. Mama zangu, mkisikia tela linakwenda kuteremka kwenye utelezi, shukeni mtembee. Dereva ana fremu na mkanda. Ninyi mna nini? Mna magunia yatakayowafuata. Dereva asiondoke mpaka wameshuka wote, na hapo sitaki kusikia "ni hapo tu karibu".

Nimebakiza la mwisho, na hili nawaelekezea matajiri, si madereva.

Mzee mmoja, dereva wa siku nyingi, alifika juu ya mlima mmoja huko Lupembe akiwa na tela la viazi, mvua imetoka kupita. Akasimamisha trekta. Akashuka, akatembea mteremko, akarudi. Akaanza kupakua nusu ya magunia pembeni, akayafunika turubai. Akashuka na nusu, akarudi kuchukua nusu. Lori lililokuwa likingoja chini lilichelewa, na mwenye mzigo alimkata mzee pesa ya tripu moja. Tripu mbili kafanya, akalipwa moja, kwa sababu mzigo ulikuwa mmoja.

Nawauliza matajiri: mzee yule kesho atapakua? Atafika juu pale, atakumbuka pesa iliyokatwa, atatazama watoto wanaomngoja. Nimesema uamuzi hufanyika juu. Lakini kama dereva analipwa kwa tripu, na kusubiri ukavu ni njaa yake mwenyewe, basi uamuzi ule umefanywa na ninyi, mkiwa mmekaa barazani, na yeye amekwenda tu kuutekeleza. Mkataba wa malipo nao ni sehemu ya breki. Sisemi haya kuwashutumu. Nasema kwa kuwa nimewafundisha madereva kila kitu nilichowaambia leo, wakanisikiliza vizuri, kisha nikawaona mlimani wakifanya kinyume, na nilipowauliza walinijibu kwa habari za pesa, si kwa habari za gia.

Mwenyekiti, naomba mambo matatu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano huu ili wanachama wayapigie kura. Kwanza, kuanzia mvua zianze mpaka ziishe, madereva wa ushirika walipwe kwa siku. Pili, dereva akifika juu ya mteremko akasema "hapa sishuki", au akapakua, asikatwe hata shilingi, na mwenye mzigo asiruhusiwe kumtafuta dereva mwingine siku hiyo kwa njia hiyo. Tatu, gunia lenye kilemba lisipakiwe kwenye tela lolote la ushirika. Hilo la tatu najua litaleta maneno kwa wanunuzi. Tulibebe pamoja, mmoja peke yake hataliweza.

Trekta la ushirika na tela lake viko nje, na mizani imeshatolewa ghalani. Tutapima tela likiwa tupu, tutapima magunia matano yaliyoletwa asubuhi bila kuchaguliwa, kisha kila dereva ataitafuta lachi ya pedali na kitasa cha foo wili kwenye trekta alilokuja nalo na kunionyesha. Wazee tangulieni, karibuni nje.